Mashua ya Kwanza ya Mtoto wa Mashindano: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtoto akishatamka kwamba anataka kushindana kwa tanga, ushauri humiminika kwa mzazi kabla hata hajauliza. Wanaoutoa wana nia njema. Hata hivyo, nimeona ushauri huo ukimaliza akiba ya familia na kumwacha mtoto ufukweni msimu wa pili, hataki tena kusikia habari za tanga. Ninayoyasikia mara nyingi ni haya.

Dhana: Mtoto hukua, basi mnunulie kubwa aikulie.

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko mengine yote. Upepo ukilisukuma tanga, mashua inataka kulala. Kinachoisimamisha ni mwili wa baharia anapojitupa nje upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Mtoto wa kilo 38 katika mashua inayodai kilo 60 atakuwa akilegeza kamba ya demani, ile inayolivuta tanga, kila upepo unapozidi, tanga linapepea, na mashua inasogea kwa kubahatisha. Ikipinduka, itabidi asimame juu ya ule ubao unaoshushwa katikati kuzuia mashua isiteleze upande, halafu alinyanyue tanga lililolala chini ya uzito wa maji. Ashindwe mara tatu mfululizo, mikono ikitetemeka kwa baridi, na hofu itakayomwingia haitatoka wiki hiyo wala mwezi huo.

Kwa hiyo anza na mizani. Optimist, mashua ndogo ya mtoto mmoja, ina urefu wa mita 2.3 hivi, bodi (mwili wa mashua wenyewe) ya kilo 35 na tanga la mita za mraba 3.3, na watoto wengi huiendesha vizuri mpaka wanapokaribia kilo 50. Ikifika hapo, ILCA, ile iliyozoeleka kwa jina la Laser, inaanza kuwa na maana. Ni ya mita 4.2, na bodi yake ina uzito wa kilo 59.

Na kwa ILCA, neno "aikulie" lina ukweli ndani yake. Bodi ni moja, matanga ni matatu: ILCA 4 ina mita za mraba 4.7, ILCA 6 ina 5.76, ILCA 7 ina 7.06. Kijana akiongezeka uzito unabadilisha tanga na kipande cha chini cha mlingoti, na bodi inabaki ileile. Kwa familia inayohesabu kila senti hilo ni jambo kubwa.

Dhana: Optimist ni sanduku la watoto, halimfundishi mtu mashindano.

Kwa umbo, ni sanduku kweli. Clark Mills aliichora mwaka 1947 huko Clearwater, Florida, na alitakiwa aitoe katika mbao mbili za plaiwudi ili familia za kawaida ziweze kuimudu. Ndiyo maana ni fupi na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni bapa.

Lakini udogo huo ndio unaofundisha. Mtoto akikaa nyuma kidogo kuliko inavyotakiwa, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, inazama na maji nyuma yake yanaanza kubwabwaja, anayasikia mwenyewe. Akisogea mbele kwa kiasi cha upana wa kiganja, sauti inakata. Mwalimu hana haja ya kusema neno. Zaidi ya nchi 100 zina mashua hii, na Ben Ainslie wa Uingereza, mwenye dhahabu nne za Olimpiki katika mashua za tanga, ni mmoja wa waliopitia humo. Kuna mpaka mmoja wa kuzingatia: katika mashindano ya aina hii, mwisho ni mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 15. Mwenye miaka 14 na kilo 52 usimnunulie, hata kama ni ya bei ya kutupa.

Dhana: Mashua ya bei ndogo kuliko zote ndiyo nafuu.

Ukinunua aina ambayo hakuna mwenzake anayeiendesha mahali mnaposhindania, umenunua upweke. Mtoto hujifunza resi kwa kumwona wa jirani akimpita ilhali mashua ni zilezile, kisha anajiuliza amekosea wapi. Nenda siku ya mazoezi, hesabu mashua zilizopo, uliza zipi zina vipuri. Aina yenye mashua kumi pale ni nafuu kuliko nzuri iliyo peke yake.

Dhana: Mashua ya mtumba ni kununua matatizo.

Mimi mwenyewe nilinunua matatizo, lakini kwa sababu sikupima. Ilikuwa ILCA iliyong'arishwa ikang'aa, na aliyeniuzia aliniapia kwamba haijawahi kupata jeraha. Tulipoibeba watu wawili, migongo ilituambia jambo ambalo macho hayakuliona. Nilipofungua kizibo cha tezi, maji ya kahawia yalitoka kwa muda mrefu. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni na jaketi la kuokolea limefungwa tayari, na siku hiyo hatukuingia majini.

Tangu hapo siendi kuangalia mashua bila mizani ya kuning'iniza na chupa ya maji. Bodi ya ILCA ikizidi sana kilo 59, kuna maji yaliyonywewa ndani. Chupa ni ya tundu la mlingoti: lijaze, weka alama mahali maji yalipofika, subiri dakika kumi. Yakishuka, tundu linavuja, na hapo ndipo panapobeba nguvu zote za tanga. Siku ya upepo mkali mlingoti unaweza kung'oka na kipande cha sitaha. Tembeza kiganja juu ya sitaha, ukikandamiza. Panapobonyea na kurudi kama godoro, ndani pameoza au pameachana.

Kwa Optimist, kagua pembe za chini za ile nafasi anamopita ubao, maana nyufa nyembamba huanzia hapo. Jaza upepo mifuko yake mitatu ya kuelea, ukanywe chai, urudi kuitazama. Hakikisha pia mlingoti una kifungo cha kuuzuia usichomoke mashua inapopinduka.

Mashua iliyopita majaribio hayo, hata ikiwa na mikwaruzo na rangi iliyopauka, nunua bila wasiwasi. Rangi haishindi resi.

Dhana: Mashua ya kasi ndiyo inayotoa bingwa.

Mtoto akiiona 29er, mashua ya kasi ya watu wawili, ikipita na spinaka, lile tanga kubwa la mbele, imejaa, na mmoja ananing'inia nje kwenye trapizi, waya unaotoka mlingotini, atakuomba hiyo. Muda wake utafika. Lakini resi nyingi za vijana huamuliwa mwanzoni, kwenye mstari wa kuanzia, na katika kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo kwa kukata huku na huku: nani ameona upepo umegeuka, nani amegeuza mashua kwa wakati wake. Hayo huwezi kuyatazama ukiwa unahangaika usianguke. Anayependa kuwa na mwenzake aanze na RS Feva, na baadaye 420, zote mashua za watu wawili. Gharama zinagawanyika kwa nyumba mbili, na watoto hushikamana.

Dhana: Ukishapata bodi, umemaliza.

Bodi ni mwanzo tu. Likamate tanga kwa vidole viwili ulikunje kidogo. Jipya hulia kama karatasi ngumu. Lililochoka ni laini kama leso, tumbo lake limerudi nyuma, na mashua haitakubali kuukaribia upepo hata mtoto aendeshe vipi. Yeye atadhani hajui. Ndiyo maana napendekeza bodi kuukuu yenye tanga zima kuliko kinyume chake.

Jua pia kwamba tanga la Optimist linaweza kushonwa na mshonaji yeyote mradi lifuate vipimo, ila la ILCA lazima litoke kwa waliopewa idhini. Yale ya kuiga yanafaa mazoezi, na kwenye mashindano rasmi yatakataliwa. Halafu kuna kigari cha kuishushia majini, turubai la kuifunika jua, na kamba za kubadilisha. Viulizie vyote kabla ya kupatana bei, maana mara nyingi muuzaji anavyo stoo na havimfai tena.

Na kabla ya kulipa, omba mashua ipelekwe kwenye maji ya kiunoni siku tulivu, tanga likiwa juu. Ipindueni. Simama karibu, mikono nyuma, mwache mtoto aisimamishe peke yake.