Faili la zabuni na kaunta buku la mlinzi

Mwaka wa fedha ukishafungwa tarehe 30 Juni, simu huanza. "Mzee, lile faili la mabati ya bloku C liko kwako?" Haliko kwangu. Mimi ni mkaguzi wa ndani katika taasisi ya umma inayojenga na kupangisha nyumba hapa Tanzania, na msimu huu ndio unaonionyesha nani alikuwa akifanya kazi na nani alikuwa akisaini tu.

Ukitaja ununuzi wa umma, watu huwaza zabuni kubwa: ghorofa jipya, Bodi ya Zabuni imekaa. Huko siku hizi sina hofu sana. Tangu NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa kielektroniki, ianze mwaka 2023, tangazo, bei za wazabuni na saa ya kufungua vinabaki kwenye mfumo, wala hakuna wa kuniambia bahasha ilichelewa njiani. Balaa letu liko kwenye matengenezo. Choo kimeziba, paa linavuja, wapangaji wanafoka, meneja anataka vifaa leo. Kazi inatangulia, karatasi zinafuata, na nyingine hutengenezwa mkaguzi akishapiga hodi.

Niliwahi kushika faili la rangi ya nje, ndoo 60 za lita 20. Lilikuwa safi mno: ombi la idara tumizi, nukuu tatu za bei, LPO (hati ya kuagiza mzigo), hati ya mapokezi yenye saini za wajumbe wote wa kamati, ankara, hati ya malipo. Tarehe zote zimeandikwa kwa mkono mmoja, kalamu ileile ya bluu. Nikafungua kalenda: mapokezi yalisainiwa Jumapili.

Nikashuka getini. Mlinzi ana kaunta buku limechanika jalada, humo anaandika namba ya gari, saa ya kuingia na mzigo. Jumapili ile halikuingia gari hata moja. Alhamisi yake iliingia Canter, na mwandiko wa taabu ukasema: "rangi ndoo 38". Leja ya stoo ilisoma 60, kwa kuwa mtunza stoo alinakili hati ya mapokezi, hakuhesabu ndoo.

Ndoo 22 zilifika baada ya hoja yangu ya ukaguzi kutoka. Msambazaji alieleza kuwa gari liliharibika. Wiki tano!

Kugawanya zabuni nako hakuonekani ukisoma faili mojamoja. Yatandaze mezani: LPO tatu za wiki moja, paa lilelile, kila moja imeishia chini kidogo ya kiwango ambacho kingelazimisha ushindani mpana. Fosi akaunti, yaani kazi tunayoisimamia wenyewe kwa vibarua bila mkandarasi, nayo ina mitego yake. Mimi huanza na daftari la mahudhurio ya vibarua, nikilinganisha saini za siku ya kwanza na za siku ya malipo.

Suala linalotugharimu zaidi ni muda wa kutunza. Mikataba mingi iliyo makabatini mwetu ilisainiwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011, iliyotaka kumbukumbu zikae si chini ya miaka 5 tangu mkataba ukamilike. Wenzangu masjala huhesabu tangu siku ya kusaini. Jengo halimaliziki hivyo. Mkandarasi akikabidhi funguo, kuna kipindi cha kurekebisha kasoro, na sehemu ya fedha zake inashikiliwa mpaka kiishe. Ukichoma faili mapema, siku anapodai fedha hizo huna cha kumjibu, na CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akiuliza kwa nini mlimwongezea muda, huna muhtasari wala barua.

Sasa nimeomba kila hati ya mapokezi iambatishwe nakala ya ukurasa wa getini wa siku hiyo. Stoo wamenuna. Mlinzi, kwa upande wake, ameomba kaunta buku jipya, maana la zamani limejaa. Ombi lina miezi miwili. Nimeambiwa linasubiri saini ya pili.