Je, wajua kwamba laini ya simu yako ni kompyuta?

Toa laini kwenye simu uigeuze. Kile kibati cha rangi ya dhahabu ni mlango tu. Nyuma yake kuna chipu yenye prosesa yake (ubongo wa kupiga hesabu), kumbukumbu yake na programu zake: kompyuta kamili, isipokuwa haina skrini wala vitufe. Ndani yake kumefungiwa namba ya siri ambayo kampuni ya simu inayo na wewe mwenye laini huijui. Simu ikiomba kuingia hewani, mtandao huiletea laini namba ya kubahatisha. Laini huichanganya na siri yake, hupiga hesabu na kurudisha jibu. Mtandao nao umeshapiga hesabu ileile, na majibu yakilingana unafunguliwa njia. Siri yenyewe haijatoka ndani ya chipu. Hayo yote hufanyika kila unapowasha simu, na wewe unachoona ni vijiti vya mtandao vikipanda.

Kompyuta za namna hii zimetuzunguka. Ziliingiaje bila sisi kushtuka? Ziliingia kwa sababu ya bei. Mashine za zamani za kufulia ziliongozwa na kifaa cha saa chenye meno na swichi, na kila mtindo mpya wa kufua ulidai meno mapya. Mwaka 1974 kampuni ya Marekani ya Texas Instruments ilianza kuuza TMS1000, chipu moja iliyobeba prosesa na kumbukumbu pamoja. Chipu za aina hiyo zilipozidi kushuka bei, watengenezaji waliona ni nafuu kubadili programu kuliko kuchonga gia. Mteja alinunua mashine ya kufulia, akapewa na kompyuta bila kuiomba. Hata mfuko wa hewa kwenye gari hutegemea kompyuta iamue, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, kama huu ni mgongano wa kweli au gari limeruka shimo tu.

Kuziunganisha na mtandao kulianza kwa uvivu, tena uvivu wa kisomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichoka kushuka hadi kwenye mashine ya soda na kuikuta tupu, au soda zikiwa bado za moto. Wakaunganisha taa za mashine hiyo na kompyuta. Taa ya safu ikiwaka kidogo na kuzimika, chupa imenunuliwa. Ikibaki inawaka, safu imekwisha. Kompyuta ilihesabu pia muda tangu chupa mpya zilipowekwa, ili mtu ajue zipi zimeshapoa. Yeyote aliyekuwa kwenye mtandao wa wakati huo aliweza kuuliza hali ya soda, hata kama hakuwa na njia ya kuinywa.

Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, aliandika kwamba teknolojia yenye kina zaidi ni ile inayotoweka machoni pa mtumiaji. Kwa maoni yangu alipatia nusu. Kompyuta iliyotoweka na inayofanya kazi peke yake haina shida. Iliyotoweka huku inaongea na dunia nzima ni jambo jingine, maana nani ataikagua ikiwa hakuna anayekumbuka kuwa ipo?

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilionyesha ugumu huo. Ilizunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kamera za ulinzi na rauta, ikijaribu majina na nywila zilizowekwa kiwandani, jozi zaidi ya 60 tu. Vifaa vingi mno vilifunguka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo jeshi hilo la kamera liliifurikia kwa maombi kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti kubwa, na Twitter ikawa haifunguki kwa watu wengi. Wenye kamera hawakuona tofauti. Kamera ziliendelea kurekodi kama kawaida. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, hivyo kuzima kifaa na kukiwasha kuliifuta. Ila kama nywila ilibaki ileile ya kiwandani, kifaa kiliweza kutekwa tena ndani ya dakika chache.