Namba ya siri kinyumenyume haiiti polisi

Mtwara mjini, kama kwingineko, maneno haya yamezunguka miaka: jambazi akikulazimisha kutoa pesa ATM, ingiza namba ya siri kinyumenyume, polisi watafika. Si kweli. Fikiria mwenye 2552 au 7777. Kinyumenyume yake ni ipi? Mashine haijui namba yako. Inaifunga kwa msimbo na kuituma benki iliyotoa kadi, na jibu linalorudi ni sahihi au si sahihi, basi.

Ukikosea, kwa kawaida mara 3, namba hufungwa. Hapo ndipo mwenye kadi ya Uingereza aliyekuja likizo Mikindani huumia. Tawi la hapa, hata likiwa na wahudumu wakarimu namna gani, haliwezi kumfungulia. ATM yao ni mpitishaji tu. Benki nyingi za Uingereza huonyesha namba ya siri ndani ya programu ya simu, lakini kuiona si kuifungua: chipu ya kadi ikishafunga, mara nyingi hufunguliwa kwenye ATM ya hukohuko Uingereza.

Kwa hiyo ukiisahau, usibahatishe. Simama baada ya kosa la kwanza, itazame kwenye programu, ndipo urudi. Laini ya Uingereza iwe hewani, maana ujumbe wa uthibitisho huja kwenye namba hiyo. (Wengi huitoa uwanja wa ndege kuweka ya hapa, wakaiacha kwenye pochi.) Ikishafungwa, piga namba iliyo nyuma ya kadi, ukianza na +44.