Milango na Majahazi: Yanayosemwa Ovyo Kuhusu Wachoraji wa Zanzibar

“Tingatinga ni sanaa ya asili ya Zanzibar.”

Picha hizi zimetapakaa Mji Mkongwe, kuanzia Mtaa wa Gizenga hadi Forodhani, hata mwenyeji husahau kuwa zimekuja kwa bahari. Mtindo huu ulizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanzilishi wake ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyechora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Hakuufaidi sana: mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Simlaumu anayeuchora Unguja leo, kwani ana watoto wa kulisha. Lakini kuuita wetu ni kumdhulumu marehemu, na pia ni kuwasahau wachoraji wa hapa wenye mkono wao wenyewe.

“Dini imeua uchoraji.”

Hadithi kali za Mtume kuhusu wanaochora viumbe vyenye roho zipo, na wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mipaka yake kwa karne nyingi. Hata hivyo jicho la Mzanzibari halikulala njaa. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, yenye tarehe ya 1107. Tuna milango ya nakshi, tuna mikeka ya ukindu, tuna hina na piko za bibi harusi. Mchoraji anayemwonesha mwanamke wa buibui kwa mgongo, akipotelea kichochoroni, mimi sioni kama amefungwa mikono.

“Mchoraji hana siasa, uchaguzi haumgusi.”

Linaniuma hili, kwa sababu husemwa na watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mwaka 2015 tulipiga kura tarehe 25 Oktoba, siku tatu baadaye uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, na marudio yakaja 20 Machi 2016. Karibu miezi mitano ya kungoja, na humo ndimo ulimo msimu wa wageni wa Disemba na Januari. Mgeni akisikia fujo hubadilisha safari, na turubai hubaki ukutani ikila vumbi huku kodi ya duka ikidaiwa vilevile. Uchaguzi wa Oktoba 2025 nao ukaja na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa. Anayeuza kwa kutuma picha kwa simu alikuwa kama aliyefungiwa duka.

“Wanachora milango na majahazi kwa sababu hawana la kusema.”

Ni kweli soko linadai milango na majahazi, na nyingine huchorwa harakaharaka bila moyo. Ila katika visiwa hivi hata rangi ina chama. Kijani na manjano zina wenyewe, zambarau ina wenyewe. Mpe jahazi tanga la zambarau mwezi wa kampeni, uone kama hutaulizwa. Na anayetaka maonesho rasmi ana mlango wa kubisha: Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. (Wengi hudhani BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoko Bara, ndiyo inayohusika. Utamaduni si jambo la Muungano, kwa hiyo mamlaka yake hayavuki bahari.) Neno sensa, yaani udhibiti na si kuhesabu watu, limo ndani ya jina lenyewe la Baraza, na mchoraji hulisoma kabla hajachovya brashi.

Hapo ndipo mchoraji anapofanya alivyofanya bibi yake kwa kanga: anasema kwa fumbo. Jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, humfikia mlengwa, na mwingine huona nguo tu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga, ameichukua kanga pamoja na maneno yake akaiingiza katika kazi zake; mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner. Kule anaweza kuisema historia ya utumwa na ubaguzi waziwazi, ukumbini, jina lake likiwa mlangoni. Wenzake waliobaki huku hupima kila neno.

Mchoraji mmoja wa Pemba aliwahi kunigeuzia picha aliyoiegemeza kwa uso ukutani. Mlango wa kawaida kabisa, na nje yake viatu vingi vimepangwa, kama pana hitma ya kumwombea marehemu. Mtalii, akaniambia, husifu rangi ya buluu. Mimi nilijikuta nahesabu viatu. Januari 2001, katika maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi, watu waliuawa Pemba na Unguja, na wengine wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Nilipomuuliza anaiuza bei gani, aliigeuza tena ukutani, akanimiminia kahawa.