Kabla hujasema mtoto ana mikono mizito, tazama mkasi

Kila msimu wa mapambo ya karatasi unapofika, wazazi huniletea kauli ileile: "Huyu wangu hajui kukata, ana mikono mizito." Nimechoka kuijibu kwa mmoja mmoja. Mara nyingi mikono ya mtoto haina neno. Mkasi aliopewa ndio mbovu.

Mkasi wa mtoto uwe na ncha ya mviringo, lakini makali yake yawe makali kweli. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakampa mtoto kitu kisichokata hata majani wakidhani wamemwepusha na jeraha. Mkasi butu huikunja karatasi badala ya kuikata. Mtoto anakaza vidole, anapinda kifundo, anavuta kwa nguvu, na hapo ndipo mkasi unapomponyoka.

Mashoto ndio wanaoonewa zaidi. Mkasi hukata kwa sababu mabapa yake mawili yanasuguana kwenye nukta moja, inayosogea kutoka kwenye skrubu kuelekea nchani. Mkono wa kulia unapofumba, kidole gumba husukuma kishikio nje kidogo, vidole vingine huvuta cha pili kuelekea kiganjani, na nguvu hizo huyabana mabapa yagusane. Mpe mashoto mkasi huohuo: mwendo uleule wa vidole unayaachanisha mabapa, karatasi inalala katikati. Tena bapa la juu liko upande wa kulia, kwa hiyo linamziba asiuone mstari anaoufuata.

"Si umgeuzie tu mkasi?" Hapana! Chukua mkasi wako sasa hivi, uupindue chini juu. Bapa la juu bado liko kulia, na litabaki kulia hata ukiupindua mara mia. Mashoto anahitaji mkasi ambao mabapa yenyewe yamepangwa kinyume. Mikasi mingi inayosifiwa kuwa ya mikono yote miwili imebadilishwa vishikio tu. Mtoto wa miaka minne hawezi kukueleza haya, kwa hiyo anakubali kwamba yeye ndiye asiyejua.

Kama mkasi wake haupatikani, aachwe achane kwa vidole. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja: ukichana kufuata nyuzi, kipande kinanyooka, ukizikata, kinaenda mrama. Jaribu pembeni kwanza, kisha muoneshe upande wa kuanzia. Mnyororo wa pete za vipande vilivyochanwa una kingo zenye manyoya ambazo mkasi hauwezi kuzitoa, nami naupenda kuliko uliokatwa.

Gundi iwe kidogo, basi.

Nyota ya pembe sita ina mtego wake. Unakunja nusu, kisha theluthi, kisha nusu tena: matabaka 12. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo mtoto anakata zaidi ya milimita moja ya karatasi iliyoshonana. Hata mimi nahisi uzito huo vidoleni. Mpe karatasi ya shashi, uibane kwa klipu isiteleze, au aishie kwenye matabaka manne. Na mkono ulioshika karatasi ndio uzunguke. Wa mkasi ukae mahali pamoja, kidole gumba juu.

Kuhusu kuwachorea mistari, sijatulia. Mstari humpa mtoto pa kuelekea, na wapo wanaotulia mara wanapouona. Lakini wapo pia ambao, wakishazoea mstari, hawakati tena umbo lao wenyewe; wanakaa na karatasi tupu wakisubiri nichore. Kwa sasa nachora mstari mnene, upana wa kidole, na popote mkasi utakapopita ndani yake ni sawa. Karatasi ya pili naiacha bila mstari.