Mhasibu wa umma si mtu wa serikali

Kwenye vikao vya harusi hapa Dar, nikishajitambulisha kuwa ni mhasibu wa umma, mambo mawili hutokea: napewa uweka hazina papo hapo, na mjomba mmoja anamnong'oneza jirani yake, "Huyu yuko serikalini." Siko. Ofisi yangu ni vyumba viwili vya ghorofani Kariakoo, na pango nalipa mwenyewe.

Linalotuponza ni neno "umma". Tumelizoea kwenye fedha za umma na utumishi wa umma, kazi ambazo mkaguzi wake ni CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwetu sisi, umma ni mteja yeyote. Dereva wa kampuni anamwendesha bosi mmoja. Wa daladala anabeba kila mwenye nauli. Mhasibu aliyeajiriwa benki ni yule wa kwanza. Mimi ni wa daladala: leo naandaa ritani za kodi za mwenye duka la vitenge, kesho nakagua hesabu za shule. (Na CAG naye huteua kampuni binafsi zikague baadhi ya mashirika ya umma kwa niaba yake, basi mjomba ndiyo anachanganyikiwa kabisa.)

Kufaulu mitihani ya CPA, ile ya juu ya uhasibu, peke yake hakukupi ruhusa ya kusaini ripoti ya ukaguzi. Lazima NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ikusajili kwa kazi hiyo.

Ugumu uko kwenye ukaguzi wenyewe. Anayenilipa ni mwenye kampuni, ila wanaoitegemea ripoti yangu ni wengine: wanahisa, benki inayotaka kumkopesha, mamlaka ya mapato TRA. Kuna wateja wanaodhani wakishalipa ada wamenunua hati safi. Hapana bwana. Vielelezo visiporidhisha, hati yenye mashaka inatoka, na pengine mwakani hanirudii.

Wakubwa nao hujikwaa hapo hapo. Mwaka 2000 kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani iliilipa kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine, ushauri ukiwemo. Mwaka uliofuata Enron ikafilisika, na Andersen, iliyokuwa imezipitisha hesabu zake, haikudumu.

Ndiyo maana hata kwenye harusi nina sharti. Uweka hazina nakubali, lakini wakiniambia nikague pia hesabu za kamati, nawaambia watafute mtu mwingine. Daftari la michango ninalo mimi.