Kalibresheni ya picha za anga kwa kamera iliyobadilishwa kichujio

Kamera ya kawaida ya dijitali ina kichujio mbele ya sensa cha kuzuia mionzi ya infraredi. Kichujio hicho hukata pia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, na nebula nyingi, yaani mawingu ya gesi angani, hung'aa kwa mwanga huohuo. Ndiyo maana wapiga picha za anga huifungua kamera, wakakitoa au wakaweka kingine kinachoupitisha. Canon waliwahi kuuza kamera za aina hiyo moja kwa moja kutoka kiwandani, 20Da mwaka 2005 na 60Da mwaka 2012, na Nikon wakatoa D810A mwaka 2015.

Kalibresheni ni hesabu ya kuondoa kwenye picha kile ambacho kamera na darubini zimekiongeza au kukipunguza. Hufanywa kwenye faili ghafi (RAW), kabla ya kuunganisha picha nyingi kuwa moja na kabla ya kugusa rangi. Ukianza na JPEG umeshachelewa, kwa sababu kamera imekwisha kuzibadili namba.

Kila pikseli hubeba namba. Sehemu ya namba hiyo ni mwanga wa angani, na sehemu nyingine ni kiwango cha kuanzia ambacho kamera hukiweka hata pasipo mwanga. Kisha kuna chaji inayozalishwa na joto la sensa, inayokua kadiri shata inavyokaa wazi. Mambo haya mawili hujumlishwa kwenye mwanga, kwa hiyo dawa yake ni kutoa. Picha ya giza, iliyopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda, ISO (kiwango cha kukuza mawimbi ya sensa) na halijoto ileile ya picha za nyota, huwa nayo yote mawili. Halijoto ndiyo inayosumbua, kwani kamera hizi hazina kipozeo na chaji ya joto huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Picha za giza za usiku wa baridi hazifai kwa usiku wa joto. Piga nyingi, uzitafutie wastani: picha 16 hupunguza chenga zake, yaani kuyumbayumba kwa namba za pikseli, hadi robo, picha 25 hadi moja ya tano.

Hapa kamera iliyobadilishwa ina mtego wake. Kama haina kichujio chochote cha infraredi, baadhi ya vifuniko vya plastiki vinavyoonekana vyeusi kwetu huvuja mionzi hiyo, na picha ya giza inaingia mwanga. Ifunike kamera kwa foili au uiweke ndani ya boksi, na uzibe kitundu cha kuchungulia.

Kasoro ya tatu haijumlishwi, huzidisha. Pembe za picha hupokea mwanga kidogo kuliko katikati, na punje ya vumbi hupunguza mwanga kwa asilimia fulani. Kwa hiyo tunagawanya kwa picha ya mwanga sawa, inayopigwa kuelekea anga la machweo au paneli yenye mwanga ulioenea vizuri. Fokasi isiguswe na kamera isizungushwe, la sivyo vivuli vya vumbi havitaangukia palepale. Hata picha hii ina kiwango cha kuanzia, nacho hutolewa kwanza kwa kutumia picha za shata ya kasi kabisa zilizopigwa gizani. Kazi ya kufungua sensa huacha vumbi mara nyingi, kwa hiyo mwenye kamera ya namna hii asiruke hatua hii. Na aangalie histogramu, yaani grafu ya mwangaza, ya kila rangi peke yake: nyekundu inaweza kujaa hadi ukingoni huku kijani kikiwa bado katikati, na pikseli zilizojaa haziwezi kusahihisha kitu.

Jambo linalochanganya wengi ni wekundu wa picha nzima. Kalibresheni haikuahidi kuuondoa. Wakati mwingine picha hutoka imegeuka kijani-buluu, kwa sababu imegawanywa kwa picha ya mwanga sawa iliyokuwa nyekundu, na watu hudhani wameharibu. Hawajaharibu. Rangi husawazishwa baadaye, kwa kuzipa rangi tatu uzito mpya, na njia ninayoiamini zaidi ni kulinganisha nyota zilizomo pichani na vipimo vyake katika orodha kama ile ya Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota. Kusawazisha kwa macho hufaa kwa nyota, lakini nebula za haidrojeni huonekana nyekundu mno kwa mtu aliyezoea kamera isiyobadilishwa, naye huishia kuufuta mwanga uleule alioifungulia kamera.